Kona ya Tano ya Kibanja cha Mutalemwa

Salvina alikuwa mchoraji wa viwanja pale Kayanga, katika ofisi ya watu wa upimaji iliyopanga vyumba nyuma ya duka la pembejeo, na kama kulikuwa na mtu Karagwe nzima asiyetaka mchezo na mstari, ni yeye. Wenzake walimchoka. Mtu amechora kiwanja chake, anakiona kimefunga vizuri kwenye skrini, anataka zake akanywe chai. Salvina anavuta kiti, anakuza kona moja mpaka inajaa kioo kizima, na hapo ndipo aibu inapoonekana: mstari umesimama kando ya pointi iliyopimwa shambani, haujaishika. Ukiupima mstari wa namna hiyo kompyuta itakupa urefu, tena na desimali zake, na utakuwa urefu wa uongo. Alikuwa anaufuta na kuuchora upya bila kusema neno, na mwenye kiwanja kule Nyaishozi wala hajui kwamba kuna mwanamke amempigania sentimita zake.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa nje ni kubofya tu. Bofya mwanzo wa mstari, bofya mwisho, urefu unatokea. Ugomvi uko kwa watu. Watu wa huku wanapima kwa kamba, na kamba inalala juu ya ardhi, inapanda na kilima na kushuka nacho. Kompyuta inatazama kutoka juu kama vile nchi yote imepigwa pasi. Basi hakosekani mzee wa kuja amefura, kwamba kibanja chake, shamba lake la nyumbani, kilikuwa na mita arobaini na mbili tangu enzi za baba yake, leo mmemwandikia arobaini na moja, na hiyo moja nani kaila? Salvina anampa shikamoo, anamkalisha, anachukua karatasi, anaiinua upande mmoja, anamwonyesha jinsi mteremko unavyoimeza mita. Wengine walielewa. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba siku hizi hata mteremko unakula rushwa.

Huyo ndiye Salvina wa Kayanga, dada wa kompyuta, anayejulikana na kuheshimiwa. Lakini kabla ya kompyuta alikuwa mke wa mtu, na hayo watu wa ofisini hawakuyajua.

Alizaliwa Kihanga, kwenye familia ya Walutheri wa kahawa na migomba, akaolewa Kamuli, kule Kyerwa, na kijana mmoja Mkatoliki aliyeitwa Mutalemwa. Hakuwa mtu mbaya, Mutalemwa. Alikuwa mtu wa kusikiliza mama yake, na mama yake, Evaresta, alikuwa mtu wa kusikilizwa. Mimba ilishika mwaka wa kwanza wa ndoa, nyumba ikafurahi. Halafu uchungu ukamjia Salvina kabla ya wakati, siku ambayo mume amekwenda Bukoba na mzigo wa kahawa, mvua imekata barabara, hakuna pikipiki iliyokubali kuteremka kule. Evaresta mwenyewe ndiye aliyempokea mtoto.

Alikuwa wa kike. Alilia. Kilio chembamba, cha kusikiwa na watu wa chumba kile tu, lakini alilia, akafumbua macho, akashika kidole cha mama yake kama wanavyoshika watoto wote. Alikaa duniani mchana ule mmoja, na ng'ombe walipokuwa wanarudi kutoka machungani akanyamaza. Evaresta alimfunika, akatoka na jembe, akamzika kule chini kwenye migomba ya mwisho, wao wanawake wawili peke yao, Salvina ameegemea mgomba.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: mtoto aliyeondoka kabla ya kupewa jina halazwi matanga, hatandikiwi nyasi, hatajwi. Ukimlilia, alisema Evaresta, unalifunga tumbo lako, na wengine hawatapita. Mume ataambiwa mimba imeharibika, basi, yaishe. Na Mutalemwa aliporudi ndivyo alivyoambiwa, akampa pole mkewe, akamchinjia kuku. Salvina alimla kuku yule amenyamaza.

Kitu kimoja tu alikifanya bila ruhusa. Alikata tawi la mulamula, akashuka nalo, akalichomeka pale kwenye udongo mpya. Mulamula ni ule mti mwembamba wa majani marefu ambao huku ndio mpaka wenyewe. Ukiuona umesimama kwenye migomba ujue hapa ni pangu na pale ni pako. Unashika upesi, hautaki kumwagiliwa. Na hakuna mtu mwenye akili zake anayeung'oa, maana kung'oa mulamula ni kutafutana na ukoo mzima. Salvina alitaka kitu ambacho mikono ya watu itakiogopa, akakipata.

Tumbo halikushika tena. Alisubiri, akanywa dawa za miti, akaenda hospitali, akaombewa, wapi. Jina likaanza kuzunguka, lile jina ambalo watu hulisema wakijifanya wanazungumzia ng'ombe. Mwisho ukoo ukakaa, wakasema Mutalemwa hawezi kufa bila mtoto na mwanamke huyu hajawahi kuzaa. Hajawahi kuzaa! Na Evaresta amekaa pale pale kwenye mkeka, mikono ile ile iliyompokea mjukuu wake imelala mapajani, akatazama chini, hakusema kitu. Mtu utamwita nani mwanamke wa namna hiyo? Sheria yake mwenyewe ya kutomtaja mtoto ilimfaa sana siku ile.

Na Salvina? Naye alinyamaza. Ungetamani umshike mabega umtikise. Neno moja tu lilitosha, nalo alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliogopa wataliona ni la kujitetea, na kwamba Evaresta atalikana mbele ya watu, na mtoto atakuwa amekanwa mara ya pili huku mama yake anasikia. Akafunga nguo zake, akarudi Kihanga. Baadaye akajifunza kompyuta, akaingia ofisi ya wapimaji kama mpiga chapa, na kwa kuwa alikuwa na jicho, mpima mwenyewe, Gaudiosus, akamfundisha kuchora. Evaresta alikufa na siri yake. Mutalemwa akaoa mwingine, akapata watoto, na kwa ajili ya watoto hao akauza ubavu mmoja wa kibanja kwa jirani aliyeitwa Nolasco. Mpaka wao mpya ukashuka kutoka barabarani hadi bondeni, milamula imepandwa juu na chini.

Ndipo ofisi ikapata kazi ya urasimishaji Kamuli, kupima vibanja vya watu wapewe hati.

Vijana wa Gaudiosus walikwenda na mashine ya satelaiti, wakatembea na majirani kibanja kwa kibanja, kila penye mulamula wakachukua pointi. Faili likaletwa Kayanga, na Salvina akaanza kuunganisha. Siku alipofika kwenye jina la Mutalemwa alilisoma mara mbili, lakini kazi ni kazi, akaendelea. Pointi ya juu, barabarani. Pointi ya chini, bondeni. Na karibu na ile ya chini, nje kidogo ya mstari, upande wa Nolasco, kulikuwa na pointi moja imesimama peke yake. Pembeni yake kijana ameandika: mulamula.

Aliitazama mpaka macho yakamwuma. Wao waliuona mti, wakapima mti, watajuaje? Akabofya kwenye pointi, akabofya kwenye mstari, programu ikampa umbali: mita moja na tisini. Yaani Mutalemwa alipouza, mpaka ulipita huku, na mtoto akabaki kule. Nolasco naye hakuugusa mti kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa mulamula, akidhani ni wa wazee wa zamani. Sasa mchoro ukipita, bikoni za saruji, zile nguzo fupi za mpaka, zikisimikwa kwenye kona, milamula haitakuwa na kazi tena. Watu walishaanza kuikata vijiji vingine, wanapanda vanila. Nolasco atasafisha upande wake mpaka kwenye bikoni, na jembe lake halitauliza nani yuko chini.

Gaudiosus alipita nyuma ya kiti chake, akaiona pointi ile, akasema aifute. Majani ya migomba yanaichezea mashine, hilo kila mpima wa huku analijua. Pointi ya namna hiyo ni wazimu wa satelaiti tu, mstari upite moja kwa moja.

Hapo ndipo Salvina angesema. Gaudiosus alikuwa mtu wa watu, angesikiliza. Au angepiga simu Kamuli, namba ya Mutalemwa alikuwa nayo, hakuwahi kuifuta. Neno lile lile lilimjia mdomoni, likiwa limezeeka sasa, likakaa hapo. Badala yake akafanya kile alichokijua.

Alimwomba bosi wake asubiri. Akapima mstari ulionyooka mbele yake: mita arobaini na moja na ishirini. Halafu akaukunja, akaupitisha kwenye ile pointi ya peke yake, akapima tena: arobaini na moja na sitini. Akamwambia majirani wenyewe walipima kwa kamba wakapata arobaini na mbili, kwa hiyo pointi hii si wazimu, mpaka unakunja hapa, ndiyo maana urefu unakaribiana. Gaudiosus akakuna kichwa, akasema kweli, dada yetu hakosei, uache hivyo. Akaenda zake.

Uongo mtupu. Tofauti ile ilikuwa ya mteremko, na hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza watu habari za mteremko vizuri kuliko Salvina. Alijua kwamba anamkata Nolasco kipande chembamba cha ardhi, kiasi cha kuanika maharage ya mavuno mamoja, na Nolasco hakumkosea lolote. Aliona haya. Lakini mtoto alikuwa amerudi kwenye kibanja cha baba yake, na kwenye kibanja cha baba yake hakuna atakayelima mpakani kabisa. Akakuza kona, kwa mazoea, akahakikisha mstari umeishika pointi barabara, haujapita kando hata kwa unywele. Siku ile alirudi nyumbani akapika matoke na maharage, akala akashiba, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea muda mrefu.

Mchoro ukapita ngazi zake zote. Ukasainiwa, ukagongwa mihuri. Asubuhi ya kwenda kusimika, vijana walipakia saruji na nondo kwenye gari, wakaondoka na Gaudiosus kuelekea Kyerwa, Salvina akabaki na viwanja vingine. Alikuwa katikati ya mstari wa mtu wa Kihanga simu ilipoita. Gaudiosus, kutoka njiani, alitaka kuhakikisha hesabu ya saruji: cha Mutalemwa ni bikoni tano, siyo? Nne za kawaida na moja pale mpaka unapokunja.

Salvina alisema ndiyo. Simu ikakatika. Aliendelea kushika mausi, akabofya mwanzo wa mstari wa yule mtu wa Kihanga, na kabla hajabofya mwisho ndipo akili ilipomfika.

Mama yangu. Miaka yote ile amechora kona, na kila kona aliyoichora imechimbiwa shimo, ikamiminiwa saruji na kusimikwa nondo katikati, hilo hata mfagiaji wa ofisi analijua. Angeweza kuukunja mstari hatua moja mbele ya mti, mtoto akabaki ndani salama. Lakini mstari unaoishia pasipo na pointi bosi angeuona, na yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa haujui tena kuuacha mstari ukining'inia. Aliipeleka kona pale pale.

Alimpigia Gaudiosus, hapatikani. Akapiga tena na tena. Kule kwenye mabonde mtandao ni wa kubahatisha. Akatoka bila kuzima kompyuta, akadaka pikipiki, akamwambia dereva Kamuli, na dereva alipolalamikia hali ya barabara akamwambia aendeshe tu. Vumbi lilimjaa mdomoni. Njia nzima alijiambia kwamba labda wataanza na vibanja vya senta, labda saruji itaharibika, labda Nolasco ataleta ubishi wawe wanabishana mpaka yeye afike. Alimwombea Nolasco hasira, maskini ya Mungu, mtu aliyemdhulumu.

Nolasco hakuleta ubishi. Alikuwepo amesimama na mikono nyuma, akisema yeye siku zote aliuheshimu ule mti na kama mpaka ni hapo basi ni hapo. Bikoni ilikuwa imeshasimama, saruji bado mbichi, namba yake imechorwa kwa msumari. Mulamula ulilala pembeni na mizizi yake, na kando yake rundo la udongo mweusi. Kijana aliyechimba alikuwa ananawa mikono. Alimsalimia Salvina kwa furaha, shikamoo dada, akamwambia hii ndiyo imekuwa rahisi kuliko zote, udongo laini, jembe lilikuwa linazama lenyewe.

Salvina alipiga magoti kwenye lile rundo akaanza kuupekua udongo kwa mikono. Hakuona kitu. Sijui angeona nini, baada ya miaka ile yote, lakini alipekua, akaingiza vidole chini, akayavunja mabonge moja moja, na watu wakatazamana. Gaudiosus alimwita kwa jina, akamwuliza kama ameona kosa kwenye mchoro.

Mutalemwa aliteremka kutoka nyumbani kwake, amenenepa kidogo, kofia kichwani. Alipomtambua alisimama. Akamsalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mtumishi wa ofisi, akasema amesikia kazi hii imepita mikononi mwake, na kwamba anashukuru, kibanja kimekaa vizuri.

Salvina alisema bila kuinua kichwa, "Hapa ndipo alipo mtoto wako."

"Mtoto gani?"

Aliuliza kwa kweli, hakuwa anakana. Hilo ndilo lililomkata Salvina maini. Akamweleza, palepale, mbele ya Gaudiosus na Nolasco na vijana wa saruji, kwa sauti ya kawaida. Safari ya Bukoba. Kilio chembamba. Mchana mmoja mzima. Mama yako na jembe. Kwamba alikuwa wa kike, na kwamba moyoni alimwita Kemirembe, na hajawahi kulitamka jina hilo mpaka leo. Maneno yalitoka yote, hayakuwa mengi hata. Yangeweza kusemwa kwenye mkeka wa ukoo na chai isipoe.

Mutalemwa alivua kofia. Alitazama saruji, akatazama mti uliolala, akageuka akautazama mpaka wote kutoka juu barabarani mpaka bondeni, ulivyonyooka vizuri halafu ukapinda mwishoni kuja kutafuta mahali pale.

"Mimi sikuwaonyesha hapa," alisema. "Mimi niliwaonyesha mti wa juu na mti wa chini, mstari umenyooka. Nani aliwaambia waje wachimbe hapa?"

Vijana walimtazama Gaudiosus, na Gaudiosus akamtazama mchoraji wake.

"Mimi," alisema Salvina.

Mutalemwa alichuchumaa upande wa pili wa bikoni, akaanza naye kukusanya ule udongo kwa viganja na kuurudisha kuzunguka saruji. Gaudiosus aliwaambia vijana waende kusubiri kwenye gari.